Gari la Milango Miwili

Tuseme ukweli wa Mungu: siku Josphat Musembi aliponunua lile gari, alijua vizuri sana alichokuwa anafanya. Asije mtu akamtetea kwamba alikosea.

Alikuwa mweka stoo katika kiwanda kimoja cha rangi kule Industrial Area, Nairobi, na nyumba yake ilikuwa Mumbuni, hapa Machakos. Kwa miaka tisa aliamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini, na jioni alirudi hoi, mgongo umekufa ganzi, watoto wamekwisha lala. Kilomita sitini na kitu kwenda, sitini na kitu kurudi, siku sita kwa wiki. Basi mwaka wa 2003, mkopo wa ushirika ulipotoka, akamwambia mkewe Loise kwamba imetosha. Atanunua gari, hata kama limetumika: dogo, lisilokunywa mafuta, lenye kiti cha kumpumzisha mgongo. Loise alifurahi. Aliomba jambo moja tu.

"Baba Mumo, hakikisha iko na milango minne."

"Ya nini?"

"Mama akija ataingilia wapi?"

"Mama yako yuko Katangi. Anaenda wapi?"

Loise akamtazama, akarudi kuchambua maharagwe yake.

Fundi Kimeu, aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na soko, alimtafutia magari mawili. Moja lilikuwa jeupe, saluni ya milango minne. Lingine lilikuwa la buluu, fupi, milango miwili na buti basi. Injini zilikuwa sawa, bei zilikaribiana, na kiti cha dereva kilikuwa laini kote kote. Josphat alikalia hiki akakalia kile, akajinyoosha, akafumba macho, mgongo haukulalamika.

Kimeu alikuwa na njia yake ya kupima ulaji wa mafuta, na mteja wake hakununua kabla ya kuiona. Alitia petroli lita moja kamili ndani ya chupa, akaifunga chini ya boneti, akatumbukiza mpira wa mafuta humo badala ya kuuacha uvute kwenye tangi, kisha wakaendesha kuelekea Kyumbi mpaka gari lizime lenyewe. Hapo wakasoma kilomita. Jeupe lilizima baada ya kilomita kumi na tano. La buluu likaenda kumi na sita.

"Hiyo moja si kitu," Kimeu alisema, akijifuta mikono. "Pengine ni upepo. Chukua nyeupe, bwana. Uko na familia."

Josphat akaliangalia lile jeupe, milango yake yote minne wazi, akamkumbuka Kilonzo, mwenzake wa kazini. Maskini Kilonzo! Tangu anunue gari hakuwahi kulala Jumapili. Alibeba wagonjwa, alibeba maharusi, alibeba mbuzi wa mahari waliomnyia kwenye viti, na shukrani yake ilikuwa kuulizwa mbona amechelewa. Josphat akasema moyoni, mimi hawanipati.

"Nipe hii ya buluu," alimwambia Kimeu. "Mtu akitaka lifti, atachungulia huko nyuma aone haya mwenyewe kuniomba. Watu wa kwa mke wangu ndio hawatajaribu kabisa."

Kimeu alicheka mpaka akashika ukuta. Josphat naye akacheka. Wakacheka wote wawili, wanaume wazima, kwa habari ya watu ambao hawakuwa wamewakosea lolote.

Nyumbani alisema lingine. "Ni kilomita moja zaidi kwa kila lita, Mama Mumo. Hebu piga hesabu ya mwaka mzima." Loise alilizunguka gari mara moja, akauliza kama hakukuwa na lingine, akaambiwa hakukuwa na lingine.

Na gari lenyewe, tusilisingizie, lilikuwa zuri. Kwa miezi minane Josphat alilala mpaka saa kumi na moja, akaenda Nairobi akisikiliza redio, akarudi watoto wakiwa macho. Mgongo ukapona. Lifti hakuombwa. Aliwahi hata kumcheka Kilonzo.

Kisha habari ikatoka Katangi. Mama yake Loise, Wanza, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na sasa aliwajua watu kwa sauti tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Machakos kupasua kwa siku mbili, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa Ijumaa. Lakini walionya: asiyefika kabla ya saa sita, nafasi yake anapewa mwingine, naye angoje mwaka ujao. Tena Wanza alikuwa ameanguka mtoni miaka miwili nyuma, na tangu hapo goti lake la kushoto halikunjiki. Alitembea ameunyoosha mguu mbele yake kama anayeusukuma.

"Utaniletea mama?" Loise aliuliza.

Angesema nini? Aliomba ruhusa kazini.

Sasa, kwa asiyejua: kwa Wakamba, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, hamli sahani moja, na mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anapanda kando mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, wanaiita nthoni, na hata waliookoka wakatupa mengine yote, hii hawajaitupa. Kwenye gari mama mkwe hukaa nyuma, mkwe akaendesha macho mbele, na kila mtu akafika na heshima yake.

Josphat na Loise walifika Katangi saa mbili asubuhi. Wanza alikuwa tayari tangu alfajiri, amevaa gauni la kanisani, leso mpya begani. Alikuwa amewatangazia washirika wote, nao walikuja nusu kanisa kumsindikiza. "Leo Wanza anachukuliwa na gari la mkwe!" walisema, na mama wa watu akatabasamu. Josphat alisalimu kutoka mbali, ameinamisha kichwa, inavyotakiwa.

Wanza akaletwa mpaka kwenye gari. Kwa vile hakuona, alilipapasa. Mkono wake ukapita kwenye mlango wa mbele, ukapata kitasa, ukakiacha kwa heshima, ukaendelea nyuma kutafuta kingine. Ukapapasa bati. Ukafika kwenye taa. Ukarudi polepole, ukapapasa tena palepale.

"Loise, mlango wa nyuma uko wapi?"

Watu wote wakamgeukia Josphat, naye akatazama kuku waliokuwa wakiparura karibu na ghala.

"Hakuna, mwaitu," Loise alisema. "Unapitia hapa mbele. Tunakunja kiti, unainama, unaingia."

Kuinama! Mama mkwe, na gauni lake la kanisani, na mguu usiokunjika, kiuno nje kichwa ndani, mbele ya mkwe wake! Josphat hakungoja kuambiwa. Alikwenda nyuma ya ghala, akaupa mji mgongo, akasimama hapo uso kwenye matope ya ukuta. Hakuona, lakini masikio hayana kifuniko. "Shika kichwa chake!" "Mguu, mguu!" "Rudi nyuma kidogo!" Halafu Wanza akapiga yowe la maumivu. Alikuwa amekwama nusu ndani nusu nje, haingii, hatoki.

"Mwiteni mkwe, ako na nguvu," mtu mmoja akasema.

"Asije!" Wanza akalia kutoka ndani ya gari. "Nawaomba, asije huyo mtoto wa watu!"

Wanawake wanne walimvuta mpaka akatoka. Akakalishwa kitini, anahema, leso imeanguka, vumbi kwenye gauni.

Mwikali, jirani mfanyabiashara aliyekuwa na pikapu ya kupelekea mbaazi Machakos, akajaribu kusaidia. "Mama, sisi tumeokoka. Keti tu hapo mbele karibu na mkwe, Mungu anajua."

"Nimeokoka, Mwikali, lakini sijarukwa na akili. Gia iko wapi?"

"Katikati."

"Kwa hivyo kila akibadilisha gia anagusa goti langu? Mpaka Machakos? Heri niishi na haya macho yalivyo."

Nyuma ya ghala, Josphat aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Aliliona lile gari jeupe vizuri kana kwamba limeegeshwa pale uani: mlango wa nyuma unafunguliwa, mama anakaa kiti chote peke yake, mguu ameunyoosha, anafunikwa leso, wanakwenda. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini huyu alichimba akamtumbukiza mama wa watu.

Loise akamfuata huko nyuma. Hakupaza sauti.

"Kimeu aliniambia kulikuwa na ile nyeupe," alisema. "Akaniambia na vile mlicheka. Miezi nane nimenyamaza, nikisema labda siku yenyewe haitafika."

"Mama Mumo..."

"Saa zinaenda. Ingia kwa gari yako utufuate."

Kwenye pikapu, mbele hakukupandika, mguu haukukubali. Basi vijana wa kanisa wakaushusha ubao wa nyuma, wakamwinua Wanza na kiti chake, wakamweka katikati ya magunia ya mbaazi. Loise akapanda akakishika kiti. Na kwa vile mguu ulihitaji nafasi ya kunyooka, kiti kikageuzwa. Wanza akaketi akiangalia nyuma.

Ndivyo walivyotoka Katangi: pikapu mbele na mgonjwa wake juani, na nyuma yake gari la buluu, laini, lisilokunywa mafuta, limebeba mtu mmoja. Mkwe hatakiwi kumkazia mama mkwe macho, na Josphat alikuwa naye mbele ya kioo njia nzima, mama ameshika magunia kwa mikono miwili, anarushwa kila shimo, macho meupe yameelekezwa kwake. Kupita mbele hakuweza, angemtupia vumbi. Kubaki mbali hakuweza, wangesema amemkimbia. Alifuata hapo hapo, akila vumbi, na aliona ni haki yake.

Pikapu ilisimama kila soko, maana Mwikali alikuwa na watu wa kuwashushia mizigo. Kila iliposimama Josphat naye alisimama, injini ikinguruma, akijitazama vidole. Soko la pili, mwalimu mmoja mwenye mkoba akabisha kioo.

"Uko peke yako, mzee? Nibebe mpaka Machakos."

Tangu anunue gari hakuwahi kuombwa, na leo alishukuru kupata mtu wa kukaa naye. Mwalimu akaingia mbele, akajinyoosha, akalisifu gari. "Tamu kweli! Haiskiki hata shimo." Kisha akatazama mbele. "Lakini jameni, watu wengine hawana utu. Mama mzee kama yule wanambeba kama gunia? Ni wa nani?"

Josphat angeweza kusema hajui.

"Ni mama mkwe wangu."

Mwalimu akamtazama. Akageuka akakitazama kile kiti kitupu cha nyuma, akarudisha macho mbele. Soko lililofuata alisema ahsante, amekumbuka ana shughuli hapo, akashuka. Josphat alimwona kwenye kioo amesimama kando ya barabara, akipungia gari lingine mkono.

Walifika hospitali saa sita kasoro dakika ishirini. Wanza akashushwa na kiti chake, jina likaitwa, akaitikia, akatiwa kwenye foleni. Josphat aliegesha mbali, akasimama karibu na ua, kofia mkononi. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha, na alikuwa ameamua hata kusema ukweli wote, apigwe faini ya mbuzi na wazee, avumilie. Akitukanwa atapumua. Alitamani sana kutukanwa.

Loise akaja, nywele nyekundu kwa vumbi.

"Mama anakushukuru," alisema.

"Usinitanie, tafadhali."

"Sikutanii. Anasema aliogopa sana kule juu, alidhani ataanguka. Lakini kila tukisimama alisikia injini yako hapo nyuma, inangoja. Anasema akajua huyu mkwe wake hawezi kumwacha. Anawaambia hata wale wenzake kwa foleni. Akaniuliza, si ni kweli?"

Josphat alihisi machozi yanamjia, na hayakuwa ya kuguswa na wema. Yalikuwa ya aibu tupu, aibu ya mtu anayesifiwa kwa kitu alichokusudia kinyume chake, na wa kumkanusha hayupo.

"Ukamwambia nini?" aliuliza.

"Anaenda kupasuliwa macho, Baba Mumo. Ningemwambia nini?" Loise alijipangusa vumbi usoni kwa ncha ya leso. "Nimemwambia ni kweli."

Akarudi kwenye foleni kumshika mama yake mkono.