Mashahidi wa Chukua Tu

Marehemu aliacha viti, maturubai, masufuria ya kupikia umati, na binti mmoja. Alikuwa mkodishaji wa vifaa vya shughuli: ukiozesha unakwenda kwake, ukifiwa unakwenda kwake, na hakubagua furaha wala kilio, mradi umelipa. Alipokufa, waombolezaji walikaa kwenye viti vyake mwenyewe. Ulikuwa msiba wa kwanza ambao hakumtoza mtu.

Wosia wake ulikuwa mfupi. Kila kitu ni cha binti. Msimamizi wa mirathi ni kaka wa marehemu, ambaye binti alimwita Baba Mkubwa na mtaa mzima ulimwita Chukua Tu. Kazi ya msimamizi haikuhitaji miwani: kusanya mali, lipa madeni, mkabidhi mrithi. Baba Mkubwa alianza kwa kuchukua ufunguo wa stoo, akaishia hapohapo.

Tuseme haki, hakuuza hata mwiko. Alikuwa anaazimisha, tena bure. Mtu akija na shida yake, Baba Mkubwa anafungua stoo, anapisha mlango na kusema, "Chukua tu." Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo hupanuka zaidi ukitoa cha mwenzio.

Binti alikuwa fundi wa maturubai. Alijifunza kwa baba yake, kwenye cherehani iliyofungiwa mle stoo, na alikusudia kuiendeleza biashara ile ile. Lakini viti vilivyotoka vilirudi vilema, vingine havikurudi, na wateja walikuwa wanazoea bure. Kila harusi ilikula kipande cha urithi wake. Akaenda kwa Baba Mkubwa, akamkuta barazani, kwenye kiti cha marehemu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita."

"Nimekuja kuulizia ya stoo. Kimebaki nini, na utanikabidhi lini?"

"Haraka ya nini? Stoo haina miguu."

"Stoo haina. Viti vina minne minne, na vinatembea."

Baba Mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ulimi wa baba yako huo! Sasa unataka nimwambie mjane, 'Lipa kwanza ndipo ulie'?"

Ni swali baya, maana ukilijibu kwa akili unaonekana mchawi. Jioni ile mtaa ulishampa binti jina: Risiti. Vijana wa kona walimpigia saluti. "Dada Risiti, tunaomba kupita. Au tunalipia?" Hata shangazi yake alimjia na methali mkononi.

"Ndugu wakigombana, mwanangu, chukua jembe ukalime."

"Jembe lenyewe, shangazi, si Baba Mkubwa ameshaliazimisha?"

Akaenda mahakamani. Karani alikuwa mtu wa kutafuna karanga, anayezungumza kati ya punje na punje.

"Wewe ni mrithi, si mwombaji," alisema. "Msimamizi ni mpagazi. Gunia liko kichwani kwake lakini si lake, na haruhusiwi kulifungua njiani akagawa, hata akigawa kwa tabasamu. Mdai orodha ya mali na hesabu yake. Akishindwa, iombe mahakama imwondoe. Na kilichopotelea mikononi mwake unaweza kumdai."

"Lakini ni Baba Mkubwa wangu."

"Hapa kila anayeshtakiwa ni baba mkubwa wa mtu." Akatupa punje mdomoni. "Wageni hawapati nafasi ya kuharibu urithi."

Risiti akafungua shauri. Hakimu akamwamuru Baba Mkubwa alete orodha. Siku ilipofika alikuja mikono mitupu, nyuma yake msururu wa watu waliovaa kama wanakwenda harusini.

"Orodha ya nini, mheshimiwa?" alisema. "Mtu mwema haandikwi. Nimeleta mashahidi."

Risiti aliutazama ule msururu. Ufunguo haukuwa wake, stoo hajaiona ndani tangu mazishi, na asingeweza kuthibitisha kwamba hata kijiko kimetoka. Mtaa mzima ulikuwa upande wa pili.

Akaanza fundi seremala.

"Mheshimiwa, huyu ni malaika aliyenyimwa mabawa tu. Namwoza binti yangu, akanipa turubai. Bure!"

"Turubai lipi?"

"Lile jeupe kubwa la marehemu. Mpaka leo ninalo, nimefunikia mbao. Hajawahi kunidai!"

Hakimu akaandika. Baba Mkubwa akatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Akaja mwalimu wa kwaya. Alieleza jinsi Baba Mkubwa alivyowapa viti vya tamasha, na jinsi waimbaji walivyosimama juu ya viti hivyo katika wimbo wa mwisho, wakaruka.

"Vikavunjika?" hakimu aliuliza.

"Vingi sana! Lakini hakununa, mheshimiwa. Alisema, 'Vunjeni tu, wanangu.'"

Kichwa cha Baba Mkubwa kilikuwa kimeacha kutikisika. Alipoanza mwenye saluni kueleza habari za masufuria, akashikwa na kikohozi cha ghafla, kikali, chenye macho.

"Pole, kaka," mwenye saluni alimwambia, akaendelea. "Moja nimelitoboa chini, nimepandia maua. Yamestawi! Mheshimiwa, subiri, picha ninayo kwenye simu."

Hakimu aliitazama ile picha, akakiri kwamba maua yamestawi, akaandika. Wote watatu walikuja kumwokoa rafiki yao, na wote walikuwa wanampalia makaa kwa mapenzi. Shahidi wa nne alikuwa anasikilizia mlangoni. Alipoitwa, alisema hajawahi kukaa kwenye kiti maishani mwake.

Risiti hakuulizwa mengi. Hakimu akamwondoa Baba Mkubwa, akamteua binti kusimamia mirathi ya baba yake, na kuamuru kila aliye na kifaa cha marehemu akirudishe.

"Kuhusu vilivyovunjika," alimgeukia Risiti, "una haki ya kumdai fidia. Unadai?"

Shangazi, kutoka benchi la nyuma, alimtumbulia macho.

"Haki ninayo, mheshimiwa?"

"Unayo."

"Basi andika kwamba ninayo. Kudai nitaamua."

Kesho yake alikodi mkokoteni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Baba Mkubwa, aliyekuwa barazani palepale, juu ya kiti kilekile. Alipomwona, aliinuka bila kuambiwa, akakifuta kiti kwa mkono wa shati.

"Unajua baba yako alikuwa ananitoza?" alisema. "Mimi! Nilipofiwa na mke wangu alinitoza viti. Mdogo wangu wa tumbo moja."

Risiti hakujua. "Ukalipa?"

"Nililipa. Ningewakalisha watu chini?" Alikuwa bado anakifuta kiti, ingawa kilikuwa kisafi. "Nilipoushika ule ufunguo nikasema, safari hii halipi mtu."

Risiti aliushika mgongo wa kiti.

"Angekutoza hata mimi nikiwa nimekufa," alisema. "Ndivyo alivyonisomesha."

Akakipakia. Baba Mkubwa aliingia ndani, akatoka na ndoo, akaigeuza na kuikalia barazani. Risiti akamuaga kwa heshima zote, naye akaitikia. Kisha akasukuma mkokoteni kuelekea kwa seremala, aliyekuwa ameshaanza kuhamisha mbao zake, akilaani, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya.