Shanga Nyekundu za Bi Mwanaidi

1.

Moto.

2. BI MWANAIDI

Umeanzia kifuani, ukapanda shingoni, ukafika masikioni. Nimevua kanga, nimevua kila kitu, na bado. Wewe unayesoma, usicheke. Utafika.

Mimi ni somo. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wa Pangani nimewafunda mimi. Shanga nyekundu zikining'inia kichwani pa kitanda, mume anajua: leo hapana, nimo mwezini. Nyeupe: karibu. Kinywa hakisemi neno.

Na damu ikikoma kabisa, inatundikwa rangi gani?

Somo yangu hakunifundisha.

3.

Nimetundika nyekundu. Zimekaa hapo hapo. Damu sina tangu mwaka jana, ila nani atakumbatiwa huku anaungua?

4. MAJIRANI, UANI

— Mzee Shekue analala barazani siku hizi.

— Si mkewe ndiye somo?

— Ndo ujue!

5. MZEE SHEKUE, DUKA LA DAWA ZA ASILI

"Mke wangu anatokwa damu haikatiki. Miezi sasa. Nimeleta maini, nimeleta matembele, usiku halali, ananing'akia tu. Naogopa isije ikawa... Nipe dawa, bwana, nitafiwa mie."

"Homoni hizo, mzee. Chukua hii."

6. LEBO YA KOPO

HOMONI ZA ASILI. Soya, uwatu na mizizi teule. Kwa akina mama wa rika zote. Huondoa joto, hasira na ukavu. HAINA MADHARA KWA KUWA NI YA ASILI.

7. BI MWANAIDI

Kaniwekea kopo mezani, kaondoka bila kunitazama. Nikasoma: joto, hasira, ukavu. Mama yangu! Nani kamwambia?

Nikachota kijiko kizima. Kikafika mdomoni. Hapo jicho likarudi kwenye neno HOMONI, nikamkumbuka dada yangu Riziki na ziwa lake la kushoto, alivyokuwa akilificha chini ya kanga mpaka...

Nikarudisha kijiko.

8. TANGAZO, KITUO CHA AFYA

Akina mama wenye dalili za kukoma hedhi wafike Jumatatu kuonana na daktari. Njoo na dawa zote unazotumia, za hospitali na za asili. Waume wanakaribishwa.

(Chini, kwa kalamu ya mtu: *Thubutu!*)

9. MUUGUZI, NILIYEMFUNDA MWENYEWE

"Tiba zipo, somo, za namna nyingi. Na mimea nayo ina nguvu zake, mingine kama homoni zenyewe. Kwenu kuna aliyeugua saratani ya titi?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Basi hii ya kopo usiionje kabla daktari hajakuona, homoni zaweza kuichochea saratani hiyo. Na mzee anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui nini?"

Nikalirudisha kopo mkobani. Mimi, somo mzima!

10.

Nimezitungua nyekundu. Nyeupe sikuzitundika. Shekue akaingia kuchukua mto wake, akatazama pale patupu, akashtuka.

"Damu imekata?"

"Ilikata mwaka jana, mume wangu."

 

"Sasa zile..."

"Ni joto. Nilikuwa naungua, sikujua nikwambieje."

Akakaa polepole ukingoni mwa kitanda. "Mie nilishaanza kukulilia," akasema, na machozi yakamtoka kweli.

11.

Kopo limo mkobani. Jumatatu tunakwenda nalo, wote wawili. Daktari akikubali, nitakunywa. Akikataa...

"Sogea," nimemwambia. "Ila usinifunike."