Shikamoo ya Kapita

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1997, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yamekatika muda si mrefu, ziwa limetulia, na mawingu yameifunika milima ya Zaire hadi kiunoni, Mwalimu Leodgar alipotoka barazani kwake Bangwe, Kigoma, akamkuta bata amelala juu ya viatu vyake vyeusi vya Jumapili. Bata aliamka bila haraka, akajinyoosha, akashuka. Viatu alikuwa ameviacha katika hali isiyofaa kusimuliwa.

Mwalimu Leodgar hakupiga kelele. Mtu aliyelelewa bwenini, tena akamaliza shule akiwa kiranja mkuu, hapigi kelele mbele ya bata. Alikunja mikono ya shati lake, akaingia uani, na kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kuwatangazia wenzake adhabu, akamwarifu Mama Stephania kwamba mnyama wake ni mkimbizi asiye na adabu na kwamba ifikapo adhuhuri awe ameondoka katika boma hili.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kusema kidogo kuhusu boma lenyewe. Mwalimu Leodgar alifundisha jiografia katika shule ya sekondari, na nyumba yake aliiendesha kama alivyoendeshwa yeye alikosomea. Kipande cha reli alichokining'iniza kwenye boriti ya jiko kiligongwa alfajiri kwa ajili ya kuamka, kikagongwa tena kwa ajili ya chai na chakula, na usiku kwa ajili ya kuzima taa, ijapokuwa waishio humo walikuwa yeye na mkewe Honorata, na taa yenyewe ni kandili moja. Shuka zilitandikwa kwa pembe zilizokunjwa sawasawa. Starehe yake pekee duniani ilikuwa kung'arisha viatu. Jioni alivipanga barazani, akavipaka rangi, akavipulizia pumzi, akavisugua kwa kitambaa mpaka akaweza kujitazama masharubu ndani yake.

Honorata aliyavumilia yote hayo kwa upendo hadi aliposhika mimba. Mimba ile haikumpenda Mwalimu Leodgar. Ilichukia harufu ya rangi ya viatu, ikachukia mlio wa reli, na ilipofika miezi ya katikati ikachukia hata kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Mwalimu alihamishia viatu vyake mwisho wa baraza, akajizoeza kusema mambo ya maana bila kukohoa.

Kilichopendwa na mimba hiyo kilikuwa bata. Mama Stephania alikuwa amevuka ziwa kutoka Uvira vita vilipofika huko mwaka uliotangulia, na Honorata akamkaribisha katika chumba cha uani bila kutaka malipo. Alikuja na sindano zake za kudarizia, nyuzi za rangi, na bata dume mkubwa aliyeitwa Kapita, kwa kuwa kwao kapita ni msimamizi wa watu kazini, na bata huyo alitembea kana kwamba kila alichokiona kilikuwa kimefanywa vibaya. Uso wake ulikuwa mwekundu, umejaa vinundu. Alikwenda akijinyonganyonga mabega na kupeleka kichwa mbele na nyuma, kama mtu anayekubaliana na hoja asizozielewa. Honorata alipomwona mara ya kwanza alicheka hata akalazimika kukaa chini.

Tangu hapo wanawake hao wawili walishinda mkekani wakidarizi. Mama Stephania alimfundisha maua kwanza, halafu ndege, na Honorata alipokwisha kujua ndege hakurudi tena kwenye maua. Kapita alidariziwa kwenye vitambaa vya makochi. Alidariziwa kwenye kitambaa cha redio, akitazama kushoto. Alidariziwa kwenye foronya ya Mwalimu mwenyewe, chini yake maneno LALA SALAMA, na kwenye kila kitambaa kilichokusudiwa kumfunika mtoto. Mwalimu Leodgar aliamka kila siku akiwa na alama ya mdomo wa bata shavuni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya viatu. Mama Stephania alipoambiwa kwamba bata wake hana adabu aliweka sindano chini. Alimfunga Kapita ndani ya kitenge, kichwa kikichungulia, akampeleka Rusimbi kwa kaka yake Amuri. Reli ilipogongwa kwa chakula cha mchana, boma lilikuwa safi, kimya, na lenye nidhamu.

Honorata hakula.

Mwalimu alidhani ni hasira, na hasira za wanawake waja wazito alikuwa amesoma habari zake. Lakini haikuwa hasira. Honorata alikaa mbele ya sahani kwa nia njema kabisa, akamega tonge, akalitazama, akalirudisha. Jumapili ilikuwa vivyo hivyo, na Jumatatu pia, isipokuwa uji wa asubuhi ambao haukudumu tumboni. Muuguzi wa kliniki alimpima, akakunja uso, akasema kwamba mama huyu anapungua wakati anapopaswa kuongezeka, na kwamba asipokula watamlaza.

"Mwalimu, usifikiri nakukomoa," Honorata alimwambia njiani wakirudi. "Nikimwona anatembea, nacheka. Nikicheka, njaa inakuja. Bila hivyo koo limefungwa."

Mwalimu Leodgar hakuwa mtu wa kushindwa na tatizo kabla ya kulishughulikia kwa utaratibu. Alinunua kuku mwenye kishungi, akamtembeza mbele ya mkewe wakati wa chakula. Kuku alitembea kawaida. Aliazima mbuzi. Mbuzi alikula kitambaa cha redio. Mwisho, baada ya kutazama huku na huku na kuhakikisha kwamba lango limerudishwa, aliweka sahani ya ugali mbele ya Honorata, akachuchumaa katikati ya uwanja, akaweka mikono nyuma ya mgongo, vidole vimechanuliwa mfano wa mkia, akaanza kutembea. Alijinyonganyonga mabega. Alipeleka kichwa mbele na nyuma. Ili asibakize kitu, alitoa hata ule mlio wa Kapita, ambao si mlio hasa bali ni pumzi inayokwaruza.

Honorata alimtazama kwa huruma nyingi, machozi yakamlengalenga.

"Mwakeye," ilisalimu kwa Kiha sauti langoni.

Alikuwa Mama Verediana, mama mzazi wa Honorata, aliyeshuka muda ule kutoka kwenye boti ya Mwamgongo akiwa na kikapu cha dagaa kichwani, amekuja kumngojea mjukuu. Miongoni mwa Waha mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kiasi cha kutotazamana usoni ovyo, wala kukutana njia nyembamba. Mama Verediana hakuwa ameandaliwa na malezi yake kwa jambo hili. Aligeuka, akatazama ukuta. Mwalimu Leodgar alisimama wima, akapangusa magoti, akatoa shikamoo yenye heshima zote. Ukuta ulijibiwa marahaba.

Jioni Mama Verediana, akiongea na bintiye kwa sauti ya kutosha kumfikia mtu aliyekuwa barazani, alieleza kwamba mimba ikimwelekea kiumbe mmoja kwa nguvu namna hii, mtoto huchukua sura yake. Kule Mwamgongo alimfahamu mtoto aliyetoka na sura ya tajiri wa mitumbwi. Watu walisema mengi, kumbe ni mimba tu.

Mwalimu Leodgar aliendelea kusugua kiatu. Yeye ni msomi, na habari hizo hakuziamini. Hata hivyo alijikuta amesimamisha kitambaa, akiwaza mtoto wake siku ya kwanza shuleni, mwenye vinundu vyekundu, akikubaliana na hoja zote. Kisha akasikia sahani ikirudishwa jikoni ikiwa imejaa kama ilivyotoka, na mawazo ya vinundu yakamwondoka. Mtoto angeweza kuja na sura yoyote, mradi aje. Alivaa koti, akaenda uani, akabisha hodi kwa Mama Stephania.

Alianza kwa kukohoa, akakumbuka, akaacha. Akasema kwamba baada ya kulitafakari upya suala la bata ameona hukumu ilitolewa kwa haraka. Angependa bata arudi mpaka Honorata ajifungue. Akatia mkono mfukoni.

"Makuta yako weka, Papa Leodgar," alisema Mama Stephania bila kuinua macho kwenye sindano. "Kapita si wa kukodishwa. Umemtukana mbele ya watu, ukamwita hana adabu. Nitamrudisha kesho asubuhi. Lakini siku mtoto akija nyumbani, utasimama mbele ya watu, utampa shikamoo."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. Aliposikia vizuri, alieleza, kwa upole anaoutumia kwa wanafunzi wazito, kwamba shikamoo ni haki ya aliyekuzidi umri. Yeye hajawahi kumpa aliye mdogo wake, hata akiwa mkubwa wake kazini. Bata huyu, kwa makadirio ya juu kabisa, hajafika miaka mitano.

"Ile siku maji yaliingia ndani ya boti katikati ya ziwa," alisema Mama Stephania. "Tulitupa mabunda, tukatupa masufuria. Waliniambia nitupe na bata. Wanaume wa umri wako walikuwa wanalia, watoto wanawaangalia wanalia nao. Kapita akasimama juu ya magunia, akawatembelea vile anatembea. Watoto wakacheka. Wakacheka mpaka tukaona taa za Kigoma." Alikata uzi kwa meno. "Miye sijui yeye ana miaka mingapi."

Mwalimu Leodgar aliutoa mkono mfukoni, mtupu. Akasema, kama mtu anayetia saini, kwamba amekubali.

Kapita alirudi asubuhi ndani ya kitenge chake. Alipoachiwa alikagua uwanja, akaukuta haukufagiwa apendavyo, akaanza kuuzunguka. Honorata alicheka mpaka akashika ubavu, na kabla ya saa nne alikuwa amemaliza ugali, migebuka ya mawese, akaomba na zile dagaa za mama yake. Tangu siku hiyo reli ilipogongwa kwa chakula, Mwalimu Leodgar mwenyewe alimpitisha Kapita mbele ya mkeka kwa fimbo ndogo, kwenda na kurudi, mpaka sahani iishe. Alifanya kazi hiyo kwa uso mkavu, mgongo umenyooka, kama anayekagua gwaride. Majirani waliokuwa wakipita kwenda ufukweni walijifunza kupita saa hizo. Rangi ya viatu aliihamishia nyuma ya choo, na ndiko alikosugua.

Mvua za masika zikiwa zimepamba moto, Honorata alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye uzito uliomfanya muuguzi yule yule akunjue uso. Walipomleta nyumbani wanawake wa mtaa walijaa chumbani, na kabla ya kumpongeza mama walimfunua mtoto miguu. Vidole vilikuwa vimeachana, kila kimoja peke yake. Wakahamia usoni.

Mtoto alikuwa Mwalimu Leodgar. Paji lilikuwa lile lile, na mkunjo ule ule kati ya nyusi. Hata midomo ilibanwa kwa namna ya mtu aliyekuta kitanda hakikutandikwa. Alipofungua macho aliwatazama wanawake mmoja mmoja kana kwamba wamechelewa.

Mwalimu alipoitwa kuona alifurahi kupita kiasi. Alisema, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba elimu imethibitika na zile habari za mimba kuelekea bata zimekanushwa wazi. Mama Verediana, akitazama ukuta kwa heshima, alimjibu.

"Si habari zilizokanushwa, mkwe wangu. Mimba hufuata inayempenda, lakini ikimchukia mtu kweli kweli, humfuata huyo zaidi."

Wanawake walicheka mpaka mtoto akaukunja uso zaidi, jambo lililowazidishia kicheko. Honorata alicheka kuliko wote, kisha akaushika mkono wa mumewe, akaunusa, akasema kwamba harufu ya rangi ya viatu leo haina ubaya wowote, na kama kuna chakula aletewe.

Mama Stephania hakuwa ndani. Alikuwa amesimama uwanjani, Kapita miguuni pake. Hakuwa amemkumbusha Mwalimu kitu tangu ule usiku wa maongezi yao, wala sasa hakumwita. Mwalimu Leodgar alimwona kwa dirisha. Angeweza kungoja watu watawanyike. Angeweza kunong'ona nyuma ya jiko, na pengine mama yule angeridhika. Lakini alikosomea yeye walifundishwa kwamba ahadi ni ile ile iwe imetolewa kwa askofu au kwa mpishi, na ingawa bata hakutajwa, hakuondolewa pia.

Aliingia chumba cha pili akavaa viatu vyeusi vya Jumapili. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akatoka, akaenda kwenye kipande cha reli, akakigonga kwa nguvu mpaka waliokuwa ndani wakatoka, na waliokuwa njiani wakasimama langoni.

Kapita, kwa kuzoea kengele ya chakula, alikuja mwenyewe mpaka mbele ya mkeka, akasimama, akainua kichwa chenye vinundu.

Mwalimu Leodgar alibana visigino. Alikohoa kile kikohozi chake cha kabla ya maneno ya maana, na safari hii hakuna aliyekichukia.

"Shikamoo, Kapita."

Kapita alimtazama kwa jicho moja, akapeleka kichwa mbele na nyuma, akapanda taratibu juu ya kiatu cha kushoto, akakaa.

"Marahaba," alisema Mama Stephania kwa niaba yake. "Papa Leodgar, deni letu limekwisha."