Dole la Delmer

Miaka nenda miaka rudi, Royce Tackett alikula tope la shemeji yake. Kila vuli, majani yanapogeuka mekundu katika milima ya Virginia Magharibi, klabu ya pikipiki ya Sugar Lick hukata njia ya mbio msituni na kupigilia mishale kwenye miti, na kila vuli Delmer Pruitt alimaliza mbele, Royce akimfuata na uso uliojaa uchafu wa gurudumu lake. Si kwamba Royce hakujua kuendesha. Alijua sana. Ila aliyemfundisha ni Delmer huyo huyo, tangu alipokuwa akija kumchumbia dada yake, Nadine, na mwanafunzi ambaye mwalimu wake hataki kustaafu ana kazi kweli.

Mwaka huo alijinyima. Aliacha bia tangu Pasaka, akawa anapanda vilima mbio kabla ya zamu ya mgodini. Alikuwa anakaribia miaka arobaini na vijana walikuwa wanakuja juu, kwa hiyo alijua kwamba asiposhinda sasa ndiyo basi tena. Alitaka jambo moja tu, kumtangulia Delmer mbele ya watu wa kwao, hata mara moja. Ni kitu kidogo, lakini kitu kidogo kinaweza kumla mtu mzima mzima.

Asubuhi ya mbio alimkuta Delmer amekaa nyuma ya gari lake, anakula maharage na mkate wa mahindi kutoka chungu cha Nadine.

"Shemeji, umekonda! Dada yako anauliza kama una minyoo."

"Nimekonda ili nikupite."

"Unipite wapi? Njia yenyewe nimeikata mimi, kwa shoka langu."

"Basi iangalie vizuri, maana leo utaiona ukiwa nyuma yangu."

Delmer alicheka hadi mkate ukampalia. Nadine akampiga mgongoni. "Mnatambiana nini na uzee huo? Haya nendeni, mchungaji anawasubiri."

Mchungaji aliomba kifupi, kofia ngumu zikiwa mikononi. Wakapanga mstari, injini zimezimwa, kama ilivyo desturi. Bendera ikashuka na bonde lote likanguruma.

Msitu ule una sheria moja ambayo kila mtoto wa pale anaijua. Ukimkuta mwenzako ameanguka, punguza mwendo umtazame. Akikunyooshea dole gumba, maana yake yuko salama, nenda zako. Asiponyoosha, unasimama, hata kama wewe ndiye unayeongoza. Ni sheria nzuri. Ubaya wake ni kwamba walioiweka ni wachimba makaa na watoto wa wachimba makaa, watu ambao mashine ikiwaponda kidole hukifunga kitambaa na kumaliza zamu. Kwao, kushindwa kunyoosha dole ni kama kulia mbele ya mama mkwe.

Mzunguko wa kwanza Royce hakumwona Delmer kabisa. Wa pili alianza kuiona ile pikipiki ya rangi ya chungwa ikipita katikati ya miti. Wa tatu, akishuka mteremko wa mawe kuelekea kijitoni, aliikuta imelala miguu juu kichakani, na Delmer ameketi chini ya mti, ameegemea shina.

Royce akafunga breki, akaweka mguu chini. Injini hakuizima.

"Vipi?" akapaza sauti.

Delmer akanyoosha dole gumba. Akalitikisa, nenda, nenda!

Basi hapo ndipo mambo yote yalipo. Royce aliliona dole, lakini aliona na buti la kushoto. Lilikuwa limegeukia kando, kwa namna ambayo buti lenye mguu ndani yake haliwezi kugeuka. Aliliona vizuri kabisa. Na alimjua mwenye buti. Delmer si mtu wa kukaa chini pikipiki yake ikiwa imelala. Mwaka mmoja alinyoosha dole na mfupa wa bega umevunjika, wakamcheka majira yote ya baridi. Royce aliyajua hayo kama anavyoijua Sala ya Bwana. Lakini dole ni dole, akajiambia, na huko juu mteremkoni injini nyingine ilikuwa inakuja. Akaachia klachi.

Akashinda. Tuseme ukweli, ushindi ule ulikuwa mtamu. Wanaume aliokua nao walimbeba, naye akacheka kama mtoto. Nadine alimkumbatia, halafu akaanza kutazama nyuma yake, kule njia inakotokea msituni.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Alianguka kule kijitoni. Yuko salama, alininyooshea dole."

Maneno yalimtoka bila taabu yoyote.

Wanaofagia njia, wale wa kuwakusanya waliobaki nyuma, huingia msituni mbio zikiisha. Walimkuta Delmer pale pale, anatetemeka, hawezi kusema. Kumtoa bondeni ilikuwa kazi ya jioni nzima. Hospitali ya karibu ikawaambia mshipa wa damu nyuma ya goti umekatika, mpelekeni Charleston, kwenye hospitali kubwa. Kufika Charleston, mguu ulikuwa umekaa bila damu muda mrefu mno. Wakaukata juu ya goti.

Hakuna aliyemlaumu Royce. Wengine wengi walipita na kuonyeshwa dole lile lile. "Usijitese," walimwambia, "dole ni dole." Lakini hao walipita mbio, wakaona mkono tu. Yeye alikuwa amesimama.

Siku aliyokwenda hospitali aliendesha kimya, redio imezimwa, maneno ameyaweka tayari: Niliuona mguu wako, nikaondoka.

"Karibu, bingwa!" Delmer alimpokea kutoka kitandani. "Kumbe ili unipite ilibidi nikatwe mguu?"

Royce alijaribu kucheka, akashindwa. Nadine alikuwa ametoka kutafuta kahawa. Delmer akapunguza sauti.

"Shemeji, nikwambie kitu, usimwambie dada yako. Lile dole lilijinyanyua lenyewe. Mazoea tu. Moyoni nilikuwa nakuomba usiniamini. Nikasema, huyu Royce ananijua, huyu atazima injini."

Royce akavuta kiti, akaketi.

"Na ulinitazama sana. Humu kitandani sina kazi, nawaza hilo tu. Mguu hukuuona, eh?"

Royce alitazama shuka, mahali ilipolala bapa. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa pale pale ulimini.

"Sikuuona, shemeji. Tope lilikuwa jingi."

Delmer akashusha pumzi ndefu, uso ukamlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua tu. Nilimwambia Nadine, Royce angeuona asingeondoka."

Akaushika mkono wa shemeji yake, na dawa zikamchukua usingizini akiwa bado ameushika. Royce hakuthubutu kuutoa. Nadine aliporudi aliwakuta hivyo, akaweka kahawa chini, akambusu kaka yake kichwani na kumshukuru kwa kuja.