Pima ya Mize

Jina la Mize halikuwamo kwenye makala. Talib alimwambia Ummy apekue tena, karatasi kwa karatasi, na Ummy akapekua mpaka ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya mstari mmoja mdogo.

"Hapa, mzee wangu. Penye shukrani. 'Tunawashukuru wakulima wa mwani wa Chwaka.'"

"Wakulima wangapi?"

"Wote."

"Na yale madaftari yalikuwa ya wote?"

Ummy akaikunja ile makala. Alikuwa msichana wa Kiembe Samaki, mfanyakazi wa ofisi moja ya utafiti huko Mji Mkongwe, na alikuwa amekuja Chwaka kwa moyo safi kabisa, na halua mkononi, kumwonesha mzee makala iliyokamilika. Miaka mitatu alikuwa akija kukaa na Mize kwenye baraza hii hii. Mize, mke wa Talib, ndiye aliyemwazima madaftari manne, yenye habari za mwani wa miaka kumi na miwili. Lini mbegu zimefungwa, kamba ngapi, zimevunwa kiasi gani, lini maji yalipata moto mpaka mwani ukawa mweupe, ukalegea na kukatika wenyewe. Hakuna ofisi yoyote kisiwani iliyokuwa na habari kama hizo. Walio na ofisi hawakuwahi kuzihitaji mpaka mwani ulipoanza kufa, hapo ndipo wakajua kuna bahari.

Kisha Mize akafa yeye, mwaka jana, kwa homa ya siku tatu. Siku hizo tatu kituo cha afya hakikuwa na dawa, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Talib hakulisahau hilo hata siku moja, na wala hakutaka kulisahau.

"Nisomee majina ya waandishi," alisema.

Ummy akasoma. Yalikuwa sita. La kwanza Dokta Abrahman, la mwisho Ummy.

"Huyo wa kwanza kaingia baharini lini?"

"Yeye ndiye mkuu wetu, mzee."

"Nimekuuliza kaingia baharini lini."

"Hajaingia," alisema Ummy, na kicheko kikamponyoka. "Anaogopa majongoo ya baharini."

Mwamvua, jirani aliyekuwa akisuka ukili upande wa pili wa baraza na kujifanya hasikii, akatia neno. "Basi kesho mchukulie jongoo mmoja umpelekee, Talib, maana wewe najua utakwenda tu."

Akaenda. Alivaa kanzu yake ya Idi na kofia aliyoshonewa na Mize mwenyewe, akayafunga madaftari yote manne kwenye kitambaa. Ummy alikuwa ameyarudisha pamoja na ile halua, kwa kuwa ofisini walishayapiga picha.

Kwa watu wasiowajua hawa wawili, yafaa kusema yaliandikwaje. Mize hakusoma. Kwao walikuwa wasichana watano na kila mmoja alihitajika shambani. Talib alifika darasa la nne, akatolewa skuli akafundishwa useremala. Basi Mize akitoka pwani, kanga inadondoka maji, alikuwa hata hajakaa anaanza.

"Baba Khairiya, andika."

"Ngoja nimalize kupiga randa."

"Randa haikimbii. Andika, kamba ishirini, pima kumi kumi. Saba zimekatika. Maji yalikuwa moto toka saa nne, madimbwi yalitangulia, bahari ikafuata."

"Na nani atasoma upuuzi huu?"

"Sijui. Lakini nikiubakisha kichwani utachanganyika na mchuzi."

Na Talib akiandika huku analalamika, kwa penseli ya fundi, herufi kubwa kama za mbao. Alilalamika miaka kumi na miwili. Sasa angetoa chochote kile apewe siku moja tu ya kulalamika tena.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, nyumba ya mawe ya zamani, ngazi zake nyembamba na kali. Talib alikuwa na rai yake juu ya ngazi hizo. Wakubwa hukaa juu makusudi, ili mtu akifika awe hana tena pumzi ya kulalamika. Akapumzika kwenye kila kituo cha ngazi, kwa hasira, mpaka pumzi ikamrudia yote.

Dokta Abrahman alimwamkia kabla hajavuka kizingiti. "Shikamoo, mzee." Talib hakulitegemea hilo. Akaitikia marahaba kwa shingo upande. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu jeuri, na huyu alimvutia kiti mwenyewe, akamwita Ummy alete chai.

"Nimesikia malalamiko yako," alisema Dokta. "Na Ummy kanipigia kelele tangu asubuhi. Lakini nataka nikueleze ilivyo. Kwetu siye, mtu hawi mwandishi kwa kuwa kasaidia tu. Majarida yana masharti. Awe ameifikiri kazi au ameikusanya. Awe ameshiriki kuandika. Asome makala ya mwisho aseme nimekubali. Na mtu akiuliza kesho, hesabu hii imetoka wapi, aweze kujibu. Bi Mize, Mungu amrehemu, sharti la kwanza analo. Yaliyobaki atayatimiza vipi?"

"Na wewe umetimiza yote?"

"Mimi nimeongoza."

"Umeongoza." Talib alilirudia neno hilo polepole. "Bwana Dokta, mimi nimechonga milango katika mji huu miaka tisa. Upo mlango wa hoteli nyuma ya msikiti hapo, maua yake yote nimeyatoa mimi kwa mikono hii. Nyuma yake pana muhuri wa mwenye karakana. Na yeye alikuwa akiongoza."

Ummy aliyeingia na sinia la chai akakohoa. Dokta akakuna kidevu, akaangalia kile kitambaa, akakifungua. Akageuza kurasa za daftari la kwanza.

"Hati hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Zote nne?"

"Zote. Yeye akisema, mimi naandika."

Dokta akainua uso, na ulikuwa umechangamka kweli kweli. "Basi mzee, njia ipo! Wewe u hai. Umeandika mwenyewe. Ummy atakufasiria makala, useme nimekubali, utie saini. Tunakuweka wewe. Mwandishi wa saba. Talib bin nani?"

"Mjaka," alisema Talib kabla hajajizuia.

Dokta akaandika kwenye karatasi, akamgeuzia aone. *Talib Mjaka.* Hivyo tu, kwa wino mweusi, chini ya majina ya watu waliosoma mpaka Ulaya. Talib aliitazama. Jina lake aliwahi kuliona kwenye orodha ya wapiga kura, ambako walilikosea, na kwenye cheti cha kifo cha mkewe, mahali pa mtoa taarifa. Mwalimu wa darasa la nne alimwambia babaake kwamba huyu mtoto apewe patasi, kalamu haimfai. Mwalimu yule keshakufa, lakini watoto wake wapo. Moyo wa Talib ulimcheza. Aliona aibu kwamba unamcheza, na bado ukamcheza.

"Ningojeni ninywe chai," alisema.

Akanywa. Hakuna aliyemharakisha. Ummy akamgeukia mkuu wake. "Dokta, kama mzee atakuwa mwandishi, pengine atusaidie na lile swali lililorudishwa na jarida."

"Swali gani?" Talib aliuliza.

"Waliosoma makala wanasema hesabu zetu za miaka ya mwanzo haziwaingii. Maji yalikuwa bado mazuri, lakini kila mita ya kamba inaonekana imetoa mwani kidogo kuliko ilivyopasa. Wanauliza tumekosea wapi. Nimerudia hesabu mara tatu, silioni kosa," alisema Ummy.

"Mita? Mize hakuandika mita. Kaandika pima."

"Ndiyo, tumeigeuza. Pima moja ni futi sita. Ipo kwenye vitabu."

Talib akaweka kikombe chini. Kwanza alitabasamu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika meza, na wale wawili wakatazamana kwa wasiwasi.

"Pima ya nani hiyo futi sita?" alisema. "Ya kwenye vitabu? Mimi nilimpa futi yangu ya chuma aende nayo, akasema itaota kutu, na yeye mikono yake haioti kutu. Alikuwa akipima hivi." Akasimama katikati ya ofisi ya Dokta, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayeanika shuka. "Ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Kamba baada ya kamba. Na mke wangu alikuwa mdogo, mwanangu. Wewe Ummy umemjua. Kichwa chake kilikuwa kikinifika hapa." Akaweka kiganja kifuani, mahali penyewe.

Mkono ukakaa hapo. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Kwa hivyo kamba zake zilikuwa fupi kuliko tulivyodhani," alisema Ummy polepole, na huku anasema alikuwa keshavuta kikokotoo. "Mwani ule ule, kwenye kamba fupi. Basi kila mita ilitoa zaidi. Mzee, tutajuaje pima yake ilikuwa kiasi gani?"

"Futi tano na inchi moja."

"Una hakika?" Dokta aliuliza.

"Pima ya mtu ni kimo chake, hilo kila fundi analijua. Na kimo chake nilikipima mimi. Kiunza chake, ubao wa kumfunikia kaburini, nimeukata mimi. Walitaka kwenda kuagiza kwa fundi mwingine, nikasema hapana." Akakaa kitini. "Futi tano na inchi moja. Nilipima mara mbili."

Chini barabarani pikipiki ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake. Ummy alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akaanza kubonyeza namba. Alibonyeza kwa muda mrefu. Kila safu aliyoimaliza alimsogezea Dokta, na Dokta akaiangalia.

"Zimekaa," alisema Ummy mwishowe. "Miaka ya mwanzo yote imekaa sawa."

Talib akaivuta ile karatasi yenye jina lake. Akalitazama mara moja tena, halafu akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama fundi anavyoweka alama ya msumeno.

"Bwana Dokta, umesema mwandishi ni yule anayejibu mtu akiuliza hesabu imetoka wapi. Wameuliza. Wewe hukujibu, na Ummy hakujibu, iliyojibu ni pima ya Mize. Mimi ningepima kwa mikono yangu, makala yenu ingekuwa nyingine. Hakuna namba humo ndani isiyotoka kwenye mikono ya Mize. Mimi nilikuwa penseli. Sitaki kuwekwa mahali pake. Mwekeni yeye, au nipeni madaftari yangu na hizo picha mzifute, niteremke."

Dokta Abrahman akazipanga upya karatasi za mezani. Talib alishajua wakubwa wakipanga karatasi hivyo kinachofuata ni "tutalifikiria", na alishaanza kufunga kitambaa.

"Siwezi kukuahidi jarida litakubali," alisema Dokta. "Nitawaandikia niwaeleze kama ulivyonieleza. Yapo majarida yaliyowahi kumkubali mwandishi aliye marehemu. Wakikataa hawa, tutapeleka kwingine."

"Hayo ni maneno."

"Ni maneno. Ndiyo niliyonayo leo." Akachukua kalamu, akafuta jina lake mwenyewe pale juu, akalishusha mstari wa pili. Hakufanya hivyo kwa furaha, na Talib alipenda kwamba hakujifanya ana furaha. "Jina lake kamili?"

"Mize Mkubwa. Mkubwa ni babaake."

Akaandika, la kwanza. "Na taasisi? Kila jina huandikwa na mahali mtu alipofanyia kazi. Sisi sote hapa ni ofisi hii. Yeye nimwandike wapi?"

Talib akafikiri. Alifikiri jikoni, akafikiri barazani. "Mwandike Chwaka," alisema. "Baharini. Maji yakimfika kiunoni."

"Kiunoni hawatakubali."

"Basi andika Chwaka."

Ummy akacheka huku bado mafua ya machozi yamemjaa puani. Dokta akaandika. Kisha akakumbuka. "Lakini bado lipo lile sharti. Mwandishi asome makala ya mwisho, akubali."

"Hata angekuwa hai asingesoma," alisema Talib. "Angesomewa. Na mimi maneno yake nayajua, miaka kumi na miwili ananipigia kelele sikioni. Ummy, mwanangu, soma kwa Kiswahili. Penye uongo nitakwambia."

Ummy akasogeza kiti, akaanza toka juu. "'Katika Ghuba ya Chwaka, joto la maji ya bahari limeonekana kupanda kwanza katika kina kikubwa...'"

"Simama hapo," alisema Talib. "Yalianza madimbwi. Futa, uandike upya."