Slipa za Ghorofa ya Tisa

Jumamosi asubuhi, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, Melissa alisimama nyuma ya mapipa ya taka ya jengo moja la Dixon Road akavua koti. Alilisokomeza kwenye begi. Akavua mabuti na soksi zilizoloa, akavaa soksi kavu, kisha slipa. Akaenda hadi mlangoni polepole, kama mtu aliyeshuka na lifti kutoka ghorofa ya tisa na bado ana usingizi. Kazi ilikuwa kwenye miayo. Si rahisi kupiga miayo meno yakigongana.

"Unalala juu ya kichwa changu na bado unachelewa," anti Shafina alimwambia mbele ya wenzake. "Wanaotoka mbali wafanyeje?"

Wote wakacheka. Melissa alicheka kuliko wote. Kucheka kulimpasha moto.

Shafina, mwanamke wa Tanga, ndiye aliyeendesha Hatua, programu iliyokuwa na ofisi chini ya jengo hilo. Iliwachukua vijana wa maghorofa haya, ikawafundisha hesabu, ikawajazia fomu, ikawalipia chuo mpaka mwisho. Melissa aliingia akipata arobaini na moja katika hesabu. Sasa alikuwa na themanini na tatu na ombi la kusomea uuguzi. Sharti lilikuwa moja: uishi ndani ya mstari wa ramani ya wafadhili mpaka siku ya kujiandikisha chuoni.

Mwezi wa kumi na moja mwenye jengo alitangaza kwamba anakarabati ghorofa ya tisa, walikoishi Melissa na mama yake. Wapangaji wakatoka. Ukarabati ulipoisha, kodi ilikuwa imerefuka kuliko wapangaji. Mama yake, Jepchirchir, aliyetandika vitanda katika nyumba ya wazee, akapata chumba cha chini ya ardhi huko Agincourt, upande wa pili wa jiji, chenye dirisha la ukubwa wa sinia lililoonyesha viatu vya wapita njia. Melissa alisema wamebahatika, huku watu unaanza kuwajua kwa miguu. Kufika Dixon kulitaka mabasi mawili, treni, na saa mbili nzima. Agincourt ilikuwa nje ya mstari. Huko pia walikuwa maskini, ila umaskini wa huko haukuwa na mfadhili.

Habari za mstari hakumwambia mama. Mama aliwahi kutembea kwenye theluji kurudisha ndizi moja ambayo mashine ya dukani haikuihesabu. Mtu kama huyo ukimpa siri, unamnyima usingizi.

Mwezi wa tatu chuo kikamkubali. Mama alilia, akapangusa uso, akakanda unga. Mtu aliyekufanyia makubwa hashukuriwi kwa simu, hukaribishwa nyumbani. Namba ya Shafina aliipata kwenye karatasi za Hatua, akampigia, akamwelekeza mpaka mlangoni. Akanyamaza, ili iwe furaha ya ghafla kwa mtoto.

Melissa aliporudi kutoka shule alikuta mabuti ya Shafina yamepangwa vizuri penye mlango. Alisimama akiyatazama. Ndani mama alikuwa akimwaga baraka, na mgeni yuko kwenye chapati ya pili.

"Na hapa ni kwa nani, mama Melissa?" Shafina aliuliza. "Kwa ndugu?"

"Ni kwetu. Tangu Novemba. Ongeza mchuzi."

Shafina hakuongeza. Alimtazama Melissa usoni, macho yakashuka taratibu mpaka miguuni.

"Zile slipa," alisema.

Mama aliwatazama wote wawili. "Kwani nimesema nini?"

Shafina aliimaliza chapati yake mpaka kipande cha mwisho, kwa kuwa kuibakisha kungekuwa dharau. Alipoaga, mama alimfungia nyingine sita kwenye kopo la aiskrimu.

Barua pepe ilikuja baada ya siku tisa. Ilimshukuru Melissa kwa bidii yake, ikamwarifu kwamba jina lake limeondolewa.

Alirudi Dixon kurudisha kompyuta ya programu. Safari hii aliingia na koti lake na mabuti yake, akamwaga maji ya theluji kutoka mlangoni mpaka mezani kwa Shafina. Nje, ukutani, bango la Hatua lenye uso wake lilikuwa limening'inia urefu wa ghorofa tatu, meno yote nje, na maneno: Mafanikio Yanaishi Hapa.

"Lile nalo linatoka lini?" aliuliza.

"Litabaki. Wafadhili wanakuja Juni."

"Na mimi?"

Shafina alikuwa akizungusha waya wa kompyuta mkononi. "Ramani sikuichora mimi, mwanangu. Wangejua nimejua nikanyamaza, wangefunga ofisi yote."

"Lakini chapati ulikula."

Shafina alifungua droo akamkabidhi kopo la aiskrimu, limeoshwa, limejaa tende. Kwao chombo cha watu hakirudishwi kitupu. "Msalimie mama," alisema, akitazama dirisha.

Nyuma ya mapipa ya taka Melissa alimkuta Naseem, msichana wa darasa la hesabu, ambaye siku zote alisema anakaa ghorofa ya nne. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, buti mkononi, koti limeshaingia kwenye begi. Walitazamana. Naseem hakuweza kulirudisha buti mguuni wala kulificha.

Melissa alifungua kopo, akampa tende.

"Kula, upate joto," alisema. "Na mwambie mama yako asipike kitu."

Naseem alitafuna, akavaa slipa. Akaenda mlangoni polepole, chini ya yale meno makubwa, akipiga miayo.