Ukigonga, Toa Maji

Nyie mnaowapeleka watoto kuona wanyama likizo hii, nisomeni kwanza. Sisemi msiende. Shule yangu iliishia la saba, sina maneno ya kuzuia watu. Nasema nilichokiona.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa pampu kwenye hifadhi, kule kwenye mbuga tambarare mpaka macho yanachoka. Tuliishi vyumba viwili vya bati karibu na kisima. Kisima chenyewe kilichimbwa na watu wa kale, wafugaji waliokaa pale kabla hifadhi haijawa hifadhi. Mawe ya maboma yao bado yamelala duara kwenye majani. Kiangazi kikikaza, mume wangu aliwasha injini, akajaza birika refu la saruji, kisha akagonga bomba la chuma mara tatu kwa spana. Ngo, ngo, ngo. Tembo wakaja, wakitokea tusikokujua.

Mwanangu wa pekee alikulia hapo. Siku moja akagonga bomba kwa kucheza, birika likiwa tupu. Baba yake hakumpiga. Alimkalisha chini akamwambia, "Ukigonga, toa maji. Huyu mnyama ametembea jua zima kwa sababu wewe umemwambia njoo."

Baadaye pampu ikafungwa, tukahamia mjini, mume wangu akafariki. Mwanangu akawa fundi wa injini, gereji nzima wakamwita Spana. Bintiye, tunayemwita Kasuku kwa maneno mengi, akaanza kumsumbua: nipeleke alikofanya kazi babu. Kiangazi cha mwaka jana tukaenda, mimi, Spana, mkewe na Kasuku, kwenye pikapu yake.

Nilianza kulalamika tangu getini.

"Funga kioo, baba."

"Mama, hao ni swala."

"Swala naye ana pembe."

Mkwe wangu akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, wewe ukiona mbuzi utatuambia turudi nyumbani."

Nikacheka nao. Pundamilia walikuwa wengi kama mchanga, na twiga walitutazama kama majirani wanaoujua umbea wetu.

Pale kisimani wageni wanaruhusiwa kushuka. Nyumba yetu ilibaki kuta tu. Birika lilijaa vumbi. Bomba lilikuwepo, na injini nayo ilikuwepo kibandani, imefunikwa turubai lililochanika.

"Babu alikuwa anawaitaje?" Kasuku akauliza.

Spana akatoa spana kwenye kisanduku, akamwekea mkononi. "Gonga tatu. Kwa nguvu, kama unaamsha mlevi."

"Acha, baba," nikasema. "Umesahau mzee alivyokwambia?"

"Mama, miaka yote hii! Tembo waliomjua mzee wameshakufa."

Kasuku akagonga. Ngo, ngo, ngo. Hakikuja kitu. Tukala mikate yetu, tukanywa chai ya chupa. Tulikuwa tunakunja mkeka tulipoona vumbi.

Walikuja mstari mmoja, ngozi zinaning'inia kwa ukame, mbele jike zee, nyuma mama na ndama wake. Tukakimbilia garini. Wakafika birikani, wakateremsha mikonga, wakapapasa saruji kavu. Hawakuondoka. Walisimama tu.

"Washa gari twende," nikasema.

Spana hakugusa ufunguo. Kasuku akanong'ona, "Baba, wanasubiri maji?"

"Wanasubiri."

"Nimewadanganya?"

Hapo nikauona uso wa mwanangu unabadilika. "Hujamdanganya mtu, mwanangu. Maji yanakuja."

Nikamshika shati. "Wewe! Nimekuzaa mmoja."

"Mama, wao wako kule, kibanda kiko huku. Injini hii niliijua kabla sijajua kusoma. Ikinishinda narudi."

Akachukua dumu la dizeli, akaufunga mlango wa gari polepole, kama mtu anayemwacha mtoto amelala.

Tulimsikia akizungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena. Ndama akasogea kibandani, kwa ule umbea wa watoto wote. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa kuwashtua. Injini ikawaka kwa mlipuko kama wa bunduki. Ndama akalia. Mama yake akaja mbio.

Sitaandika zaidi kuhusu kibanda.

Injini haikuzima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Maji yalitoka, kwanza mekundu ya kutu, kisha meupe, birika likajaa, tembo wakanywa. Mimi nimemkumbatia mkwe wangu kwa mikono miwili asifungue mlango, mpaka wa mwisho aliposhiba akaenda zake. Nilimtazama yule mama tembo nikaitafuta chuki, sikuipata. Alifanya nilichotamani kufanya mimi.

Msibani watu walinong'ona, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani, msimseme hivyo mwanangu. Alisikia la baba yake, akalishika hadi mwisho. Ni mimi ambaye hakunisikia, na sisi akina mama tumezoea.

Kwa hiyo nawaambia: msimpe mtoto chombo cha kuitia mnyama kwa mchezo. Si honi, si filimbi, si ganda la ndizi dirishani. Mnyama hajui mchezo. Anakuja na kiu yake yote, na mtoto anakutazama wewe mkubwa aone utafanya nini.

Kasuku sasa hagongi kitu. Shuleni, kwa majirani, anasimama nje ya mlango kimya mpaka mtu atokee. Juzi mvua ilimnyeshea kibarazani kwangu, mimi niko ndani nachambua mchele. Nikamwambia, mjukuu wangu, gonga tu, bibi yupo. Akatikisa kichwa.

Tangu siku hiyo mlango wangu nauacha wazi, hata kukinyesha.